Elfu Kumi kwa Nafasi ya Tatu: Mwongozo kwa Mzazi Anayetaka Kumlipa Mtoto kwa Matokeo ya Shule

Binti yangu alileta ripoti ya mwezi wa sita ikiwa imekunjwa mara nne. Alikuwa darasa la sita wakati huo, na ripoti hakuwahi kuikunja kabla. Nilikuwa nimemwahidi shilingi elfu kumi akiingia tano bora, na karatasi ilisema: nafasi ya 3 kati ya 104. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Jioni nikasimama dirishani nitazame vizuri alama za Hisabati, na hapo nikaona mwanga unapenya kwenye karatasi, kushoto kwa ile 3. Palikuwa na moja pale. Aliikwangua kwa wembe wa baba yake, taratibu, bila kutoboa. Mimi ni fundi cherehani, na nakiri ile kazi ilikuwa safi.

Sikumchapa. Muhula uliotangulia alikuwa wa 19. Kutoka 19 kwenda 13 katika darasa la watoto 104 ni kupanda kwelikweli, ila mimi mama yake nilishamtangazia mapema kwamba kupanda huko ni bure, hakuna hata shilingi mia.

Tangu siku hiyo, mama au baba akiniuliza pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kama ni vizuri kumlipa mtoto kwa matokeo, simjibu ndiyo wala hapana. Alama usilipe, nafasi darasani usilipe kabisa. Kazi inayozaa alama unaweza kuilipa, kwa muda, kwa pesa ndogo. Namna ya kufanya hivyo bila kuharibu ndiyo nitakayoeleza, na nitakaa zaidi pale tulipojikwaa nyumbani kwetu.

Kwanza, pesa imeshajaribiwa

Mchumi wa Marekani, Roland Fryer, alijaribu jambo hili katika shule zaidi ya 200 za miji mitatu na kutoa matokeo mwaka 2011. New York watoto walilipwa kwa alama za majaribio. Chicago walilipwa kwa madaraja: dola 50 kwa A, 35 kwa B, 20 kwa C, nusu ikiwekwa mpaka mtoto amalize sekondari. Katika miji hiyo miwili ufaulu kwenye mitihani haukusogea kwa kiasi cha kuonekana. Watoto waliitaka sana ile pesa, hapo hapakuwa na tatizo. Lakini wale wa New York walipoulizwa watafanya nini wapate alama zaidi, walijibu mambo ya kusoma swali kwa makini na kurudia majibu. Wachache mno walitaja kujisomea zaidi au kumfuata mwalimu. Ni kama kumwahidi mtu pesa akifika Matema, kule Ziwa Nyasa, wakati hajui gari la huko linapandiwa wapi.

Dallas walifanya tofauti. Watoto wa darasa la pili walipewa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake. Wale wazungumzaji wa Kiingereza walipanda katika kusoma. Wale wazungumzaji wa Kihispania hawakupata faida hiyo. Kumbuka hilo la lugha, nitalirudia.

Karibu na kwetu, Busia nchini Kenya, mwaka 2001 na 2002 wasichana wa darasa la sita walishindania zawadi kwa alama. Walioingia asilimia 15 ya juu walipata kwa mwaka shilingi 500 za Kenya za ada, zilizolipwa shuleni, na 1,000 za vifaa zilizopewa familia, kwa miaka miwili. Michael Kremer, aliyepata Nobel ya uchumi 2019, alikuwa miongoni mwa waliofuatilia. Alama zilipanda, walimu wakahudhuria zaidi, na hata wasichana wasio na matumaini ya kushinda walifanya vizuri zaidi. Hapo, nakubali, walilipa alama na ikafanya kazi. Lakini ile pesa ilikuwa ada, wakati ambapo shule ya msingi Kenya bado ilikuwa ya kulipia, na shule nzima ilihusika, walimu na wazazi kwa pamoja. Noti ya elfu kumi chini ya kitambaa cha meza Uyole haina nguvu hiyo.

Hatua ya 1: Mahitaji yasiingie kwenye mapatano

Sweta si zawadi. Nalisema kwa sababu dada yangu anaishi Makete, na alimwambia mwanawe atamnunulia sweta jipya akifaulu. Mtu aijuaye baridi ya Julai ya Makete ataelewa kwa nini nilimpigia simu tukagombana. Mtoto alikuwa anakwenda shule alfajiri kwenye ukungu, mikono ameificha kwapani, kisha anategemewa aandike mwandiko mzuri.

Viatu, daftari, kalamu, sare, chakula, taulo za binti, nauli ya daladala: hivyo ni haki yake hata akiwa wa mwisho. Mchango wa chakula cha mchana shuleni pia. Kama hujaulipa, ulipe huo kabla ya kufikiria motisha yoyote, maana mtoto mwenye njaa saa saba mchana hasikii somo.

Hatua ya 2: Soma daftari, ripoti iweke pembeni

Chukua madaftari ya masomo mawili anayofeli. Kaa naye, chai iwepo. Usiulize kwa nini ana 17. Pekua tu.

Tazama tarehe. Kama zinaruka siku tatu, siku nne, huyo hayupo darasani, na mara nyingi wewe mwenyewe unajua yuko wapi, hasa msimu wa mvua, kifuku, unapoanza na mahindi yanataka kupandwa. Hakuna zawadi itakayofidia siku ulizompeleka shamba.

Tazama namna anavyonakili. Binti wa jirani yangu aliandika 8 kila palipokuwa na 3 ubaoni, na hesabu zenyewe alizifanya sawasawa kwa namba zisizo zenyewe. Tulimsimamisha mlangoni asome kalenda iliyo ukuta wa pili, akashindwa. Alihitaji miwani. Mama yake alikuwa ameshamwahidi simu.

Tazama kalamu nyekundu. Darasa lenye watoto zaidi ya mia, mwalimu hawezi kusahihisha kila daftari kila siku, hilo si la kumlaumu. Ila lina maana kwamba mtoto anaweza kukosea jambo lilelile miezi miwili bila mtu kumwambia.

Na kama mtoto yuko kidato cha kwanza, simama hapa kwanza. Ametoka shule ya msingi ya serikali alikosoma kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Binti yangu alipofika huko aliijua usanisinuru kwa mdomo, akieleza majani yanavyotumia mwanga mpaka bibi yake akafurahi. Kwenye jaribio aliulizwa photosynthesis, akapata 4 kati ya 20. Wazazi wengi huona anguko hilo wakadhani mtoto amepata marafiki wabaya mjini, wakaanza kuahidi pesa au fimbo. Mtoto huyo hajapungukiwa hamu, amepungukiwa maneno. Ndiyo yale ya Dallas: pesa ileile, kazi ileile, ila lugha ya mtoto ikaamua nani anufaike.

Hatua ya 3: Chagua kazi moja, ndogo, ya kuonekana

Ukishajua tatizo, chagua kazi moja inayolifuata. Moja. Sisi tulianza na nne, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimegeuka karani wa mishahara.

Kwa mtoto wa darasa la pili hadi la nne, kazi iwe kusoma hadithi fupi kisha kuisimulia akiwa amefunga kitabu. Kwa anayehangaika na hesabu, tebo: leo ya sita, wiki ijayo ya saba, aulizwe kwa kurukaruka, asiimbe kama wimbo. Kwa kidato cha kwanza, maneno mapya matano ya Kiingereza ya somo moja, kila neno alieleze kwa Kiswahili na alitumie kwenye sentensi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kurudia maswali aliyokosa. Jaribio likirudi, mtoto anachukua maswali yenye alama ya mkasi, anayafanya upya kwenye daftari la peke yake, na kando yake anaandika kwa maneno yake alikosea wapi. "Nilisahau kubadili saa kuwa dakika." Akiandika sentensi kama hiyo mara tatu, ya nne hasahau. Angalia pia inavyogeuza mambo: mtoto mwenye makosa mengi ndiye mwenye kazi nyingi ya kulipwa. Ripoti mbaya haina sababu ya kufichwa, wembe unabaki kwa baba.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini nisilipe A? Fanya hesabu. Shule ya msingi somo lina alama 50, na A inaanzia 41. Mtoto wa 41 unampa elfu tano, wa 40 humpi kitu, kwa tofauti ya alama moja. Kidato cha nne ni kibaya zaidi: C inaanzia 45 na kuishia 64. Kijana anaweza kupanda kutoka 46 hadi 63, alama kumi na saba za jasho, na kwa mkataba wako hajafanya lolote.

Nafasi darasani ndiyo sumu hasa. Ukiilipa, umemfundisha mwanao kwamba mwenzake akifeli yeye anapata. Binti yangu kabla ya ile elfu kumi alikuwa anafanya hesabu na mtoto wa nyumba ya pili, kibarazani, kila jioni. Ahadi ilipokuja, yule mwenzake akawa anaambiwa "leo nina kazi". Sikuunganisha mambo mpaka baadaye. Hata Baraza la Mitihani, NECTA, mwaka 2023 liliacha kutangaza kumi bora za shule na wanafunzi. Sisi majumbani tunaendelea.

Hatua ya 4: Panga bei kwa mwezi wako mbaya

Kosa la wazazi wa huku ni kuahidi wakati wa mavuno. Viazi vimeuzwa, pesa ipo, unamwambia mtoto elfu ishirini. Inafika Januari, kuna mbolea, kuna sare, kuna michango, na mtoto kasimama mbele yako amefanya sehemu yake. Ahadi moja iliyovunjwa inabomoa zaidi ya zawadi kumi ulizotoa.

Basi chukua mwezi wako mgumu kuliko yote, ujiulize: mwezi huo kila Jumamosi naweza kutoa kiasi gani bila kukopa? Hiyo ndiyo dari. Kwetu ilikuwa shilingi 1,000 kwa mtoto kwa wiki. Swali moja lililorudiwa vizuri shilingi 200, yasizidi matano kwa wiki. Muhula wenye wiki ishirini hivi hauvuki elfu ishirini. Kama kwako dari ni 300, iwe 300. Na kama hakuna kabisa, kazi hii inafanyika vilevile kwa malipo mengine: kuchagua mboga ya Jumapili, kukaa siti ya mbele ya lori la baba akirudi toka Tunduma na kuzungushwa mpaka Igawilo. Mwanangu wa pili aliwahi kuchagua hiyo ya lori akaacha pesa.

Usiwe na bei kubwa kwa sababu una uwezo. Mtoto wa darasa la tano mwenye elfu hamsini hajisomei, anahesabu.

Hatua ya 5: Andikeni, kisha lipa siku ileile

Karatasi moja, mistari mitano, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Kazi gani, bei gani, dari gani, nani anakagua, inaisha lini. Yetu ilikuwa hivi:

"Swali lililokosewa, likirudiwa na kuelezwa: 200. Mwisho matano kwa wiki. Mkaguzi: mama. Malipo: Jumamosi jioni. Mwisho: wiki ya mitihani ya Novemba."

Jumamosi jioni ni Jumamosi jioni. Ukichelewesha mpaka mwisho wa muhula, mtoto mdogo anapoteza kamba kati ya kazi na malipo.

Kingine: pesa aliyoipata usiikate. Kavunja kikombe, karudi kachelewa kutoka kisimani, kamjibu shangazi vibaya, hayo yana adhabu zake. Ukianza kumkata, mapatano yanageuka kesi, na watoto wetu wana kipaji cha kesi.

Kama una watoto wawili au zaidi, kila mmoja apewe kazi ya kiwango chake, bei moja. Wangu wa pili ni mzito kwenye kusoma. Kazi yake ilikuwa ukurasa mmoja wakati dada yake akirudia hesabu za sehemu. Dada alilalamika kwamba ni dhuluma. Nilimwambia mzigo wa debe kwa mkubwa na wa sado kwa mdogo vyote vinachosha shingo, akanuna siku mbili, akaendelea.

Hatua ya 6: Mkaguzi

Wazazi wengi hukwama hapa: mimi niliishia darasa la saba, nitakaguaje Fizikia? Hukagui jibu, unakagua maelezo. Mwambie akueleze swali kama anamweleza mtu aliyekuwa msibani siku ya somo. Akisema "mwalimu alisema tu iwe hivyo", halipwi, arudi kwa mwalimu au kwa mwenzake aulize. Hesabu hakiki kwa kikokotoo cha simu. Hadithi hata asiyejua kusoma anaweza kusikiliza: mtoto akisimulia, muulize nini kilitokea kabla ya hapo, aliyekariri atababaika.

Tahadhari moja kuhusu bibi. Mama mkwe wangu alikuja toka Tukuyu akakaa nasi mwezi mzima, nikamkabidhi ukaguzi. Kila hadithi ilikuwa nzuri. Kila mjukuu kasoma. "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na pesa anaongeza kutoka kwenye fundo la kanga yake mwenyewe. Mwezi ule dari ilipasuka. Bibi apewe kazi ya kusikiliza, mfuko ubaki kwako.

Hatua ya 7: Pesa ikishafika mkononi

Ni yake. Akiimaliza yote siku moja kwa karanga na barafu, basi imekwenda. Mwache aone Jumapili ilivyo ndefu. Unaweza kumshauri agawe: kidogo ya kula, kingine kwenye kibubu. Akishakusanya cha maana, benki kadhaa nchini zina akaunti za watoto zinazofunguliwa na mzazi kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ingawa kwa elfu kumi na nne sioni haraka hiyo.

Binti yangu alivunja kibubu Agosti akanunua simbilisi wawili. Sikuulizwa. Baada ya miezi michache walikuwa saba, chini ya kabati la vyombo, wakipiga mluzi kila wakisikia majani ya kabichi. Nililalamika, ila anahesabu madume na majike kwenye daftari, na hiyo ni Hisabati ambayo sikuilipia.

Mitihani ya taifa

Darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne: usiweke ahadi ya pesa wala simu juu ya mtihani. Darasa la saba wanafanya Septemba na matokeo yanakuja baada ya wiki nyingi, mtoto hana analoweza kubadili tena. Kubwa zaidi, NECTA hufuta matokeo ya wanaobainika kudanganya, na mtoto aliyeahidiwa simu janja ana sababu ya ziada ya kuangalizia.

Sherehekea baadaye, bila kuahidi kabla. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, watafiti walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungua. Kwa hiyo kuku achinjwe, baba anunue soda, mtoto asijue mpaka anuse pilau. Kwa sababu hiyohiyo, kama mtoto wako tayari anasoma mwenyewe, anachukua gazeti lililofungia maandazi na kulisoma mpaka mwisho, usimguse. Huyo usimlipe hata senti.

Hatua ya 8: Kuacha

Tarehe ya mwisho ilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Wiki nne kabla, punguza: kutoka maswali matano yanayolipwa hadi matatu, kisha moja. Mengine afanye, uyakague vilevile, uyasome kwa sauti, umwonyeshe mahali alipokuwa anakosea Juni na sasa hakosei. Hapo ndipo daftari la makosa linapofanya kazi yake, maana ushahidi wote uko kwa mwandiko wake.

Muhula unaofuata, usirudishe mapatano kwa kazi ileile. Kama kuna shida mpya, kwa mfano kidato cha kwanza na Kiingereza chake, anza karatasi mpya kwa kazi mpya.

Jumamosi ya kwanza bila malipo, binti yangu alileta daftari lake mezani kama kawaida, akasimama kidogo akitazama mkoba wangu. Nilikagua maswali. Yalikuwa matatu, si matano kama zamani. Nikaweka alama kwenye yote matatu, nikamrudishia, akaenda kuwapa simbilisi kabichi.